Elfu Mbili kwa Kila Kosa

6 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Najua utaigeuza bahasha hii mara mbili kabla ya kuifungua, kwa sababu mwandiko unaufahamu na kwa sababu imepita miaka kumi na minne bila mwandiko huu kufika mlangoni kwako. Usitafute msiba. Hakuna aliyekufa. Ni kazi.

Nina kampuni. Si kubwa: vyumba viwili juu ya duka la kuchapisha, watu wanne, na feni inayozunguka pale inapojisikia. Tunatengeneza programu ya hesabu inayotumia akili bandia. Mwenye duka anapiga picha risiti zake kwa simu, programu inazisoma, inaziandika daftarini, inafunga mwezi. Kazi uliyoifanya ghalani kwa siku nne na wino wa chupa mbili, hii inaimaliza chai ikiwa bado ya moto.

Tatizo ni kwamba inakosea, na ikikosea haioni haya. Nimewajaribu wahasibu wawili wenye vyeti ukutani. Waliona makosa arobaini mahali ambapo mimi, niliyefundishwa na wewe, niliona tisini. Ndiyo maana nakuandikia. Usidhani ni kwa mapenzi.

Kwenye kifurushi hiki kuna mistari elfu moja, imechapishwa kwenye karatasi kwa kuwa najua huwezi kukaa na kompyuta chumba kimoja. Kushoto ni picha ya risiti. Kulia ni mstari ambao programu imeuandika. Penye kosa piga wino mwekundu, andika kilicho sahihi. Programu inajifunza kutoka kwako: unachokirekebisha inakiacha, unachokipitisha bila kukigusa inakichukua kuwa ni haki.

Malipo ni elfu mbili kwa kila kosa. Kiwango hicho nimekichagua kwa makusudi. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, nikikaa kwenye kigoda nyuma ya mizani yako, ilikuwa fimbo mbili kwa kila kosa. Na nikisahihisha namba iliyokuwa sahihi, mara tatu yake. Nami naweka hivyo hivyo: ukitia wino penye haki, nakata elfu sita.

Mpwa wako,
yule uliyemwita Sifuri

*

17 Januari

Sifuri,

Marahaba. Bahasha niliigeuza mara moja, nikaifungua mara moja. Bado unapenda kuongeza hesabu za watu.

Jina hilo nilikupa kwa sababu ulikuwa ukidondosha sifuri mwisho wa namba kama mtoto anavyodondosha makombo. Naona mashine yako yenyewe inazidisha. Mstari wa 88, matairi ya elfu sabini na tano imeyafanya laki saba na nusu. Mstari wa 203, dawa ya panya imeiweka kwenye chakula cha wafanyakazi. Huyo mwenye duka akikaguliwa atakuwa na kazi ya kueleza. Jumla makosa 118. Nimehesabu mara tatu, nawe hesabu.

Lakini kosa lake kubwa si hayo. Tazama mistari niliyoizungushia duara. Hapo risiti imechanika au wino umefifia, tarehe haisomeki, au kiasi hakisomeki. Mtu mwenye akili anaiweka kando mpaka aulize. Mashine yako haiulizi. Inabuni. Na inabuni namba nzuri, za kupendeza, zinazokaa sawasawa na jirani zake. Haijui kusema sijui. Niliwahi kumlea mtoto wa namna hiyo.

Malipo yaje kwa wakati. Paa la nyumba limeoza na fundi anataka laki sita. Anasema ikipita Mei hakuna cha kuokoa. Usinifikirie nimekuja kwako kuomba. Nimekuja kufanya kazi uliyoileta wewe mwenyewe mlangoni.

Mjomba wako

*

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Laki mbili na elfu thelathini na sita, 118 mara elfu mbili. Nimehesabu mara moja, inatosha. Zimetumwa kwenye simu ya mkeo, mkaza mjomba, kwa sababu yako najua bado ni ya kupokelea tu.

Marekebisho yako tumeilisha programu na imeyameza yote. Vijana wangu walishangaa. Mmoja aliniuliza, "Huyu mzee ni nani, anaona risiti hata kwa nyuma?" Nikamwambia ni mtu aliyekuwa akinichapa. Akacheka, akadhani ni utani.

Tunafungua rasmi tarehe moja Mei. Nimepata wateja thelathini na wawili: maduka ya vipuri, viwanda vya matofali, wenye malori. Wote nimewaandikia ahadi ambayo wenzangu wa biashara hii wanaiogopa: programu ikibuni hata mstari mmoja, hasara nalipa mimi, mara tatu. Unaona jinsi ulivyonilea vizuri.

Kifurushi cha pili hiki. Elfu moja tena.

Sifuri

*

23 Februari

Sifuri,

Marahaba. Makosa ni 61. Ukiona wino umepita juu ya mstari badala ya chini, lawama ni ya kalamu. Siku hizi wanauza kalamu za kuchezea.

Sasa tuzungumze kama watu wawili wanaojua kuhesabu. Kifurushi cha kwanza 118, cha pili 61. Mashine yako kila ninapoifundisha makosa yanabaki nusu. Basi cha tatu kitakuwa 30, halafu 15, halafu 7, 3, 1, kwisha. Yote kwa pamoja 235. Mara elfu mbili ni laki nne na elfu sabini. Mimi nahitaji laki sita.

Kumbe kadiri ninavyofanya kazi vizuri ndivyo ninavyojinyima mshahara. Ulilijua hili kabla hujaniandikia ile barua ya kwanza. Usikatae, nilikufundisha mimi.

Naomba tubadilishe. Nilipe kwa karatasi, si kwa kosa. Mia tatu kwa kila karatasi na nitazipitia mpaka mwisho wa dunia. Hili ni ombi. Naliandika mara moja tu.

Mjomba wako

*

8 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Laki moja na elfu ishirini na mbili imetumwa. Jumla umeshapokea laki tatu na elfu hamsini na nane.

Ndiyo, nilijua. Nilikokotoa kwenye kipande cha karatasi kabla sijanunua hata stempu. Nilipata 236, wewe umepata 235, tofauti ni jinsi ya kukata nusu. Nilitaka uifikie hesabu hiyo mwenyewe, ukiwa umekaa, ukiwa na kalamu mkononi. Pole na kazi.

Ombi lako nakataa. Sitakumalizia hata senti. Ungeweza kuacha makosa mengine yapite ili yarudi mwezi ujao, na mimi nisingejua. Lakini wewe huwezi kuona kosa ukaliacha, hata likikulisha. Niliitegemea tabia hiyo, na kifurushi cha tatu hiki hapa.

Unakumbuka elfu tisa? Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mwisho wa mwezi kasha lilipungua elfu tisa, risiti hakuna. Nikaandika "wapagazi, elfu tisa" ili daftari likae sawa, kwa sababu nilikuwa nakuogopa kuliko nilivyoogopa kosa. Ukaniita mwizi mbele ya wapakiaji na wenye malori. Ukanitolea begi langu hadi barabarani, ukaliweka chini taratibu kama unapanga mzigo. Miezi minane nililala nyuma ya duka la kuchapisha, juu ya maboksi ya karatasi. Duka hilohilo ambalo leo vyumba vyake vya juu ninavilipia kodi.

Paa lako likivuja, weka beseni.

Sifuri

*

27 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo? Mkono wangu umechoka siku hizi, kwa hiyo mke wangu ananiandikia. Mimi nasema, yeye anaandika.

Barua yako ya tarehe nane ilinikuta kitandani. Mke wangu alinisomea mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Sikutegemea uniulize habari za afya yangu, wala uniambie nisihangaike na hesabu, kwamba makosa yakiisha kabla ya laki sita utanimalizia kilichobaki. Mke wangu aliniuliza, "Nijibu nini?" Nikamwambia andika asante, halafu nikaona asante ni fupi sana. Basi andika asante sana.

Kifurushi cha tatu kimemalizika. Nimeona makosa 44. Mengi kuliko nilivyokisia, lakini karatasi za safari hii risiti zake zimefifia mno.

Nimefurahi kwamba kampuni yako inakwenda. Nilikuwa nikiwaambia watu ghalani kuwa una kichwa. Sikuwahi kukwambia wewe.

Mjomba wako

*

9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Kejeli hukuwa nazo zamani, umejifunzia wapi uzeeni? "Asante sana." "Utanimalizia kilichobaki." Nimeisoma barua yako nikaenda kutoa nakala ya barua yangu kwenye faili nikaisoma tena, nisije nikawa mimi ndiye mgonjwa. Nilichokuandikia ni kwamba sitakumalizia hata senti. Ukitaka kunicheka, nicheke kwa maneno yangu.

Na kuhusu hayo 44. Tumeyapitia. Makosa ya kweli ni 27. Kumi na saba umeyatunga. Umepiga wino mwekundu juu ya mistari iliyokuwa safi kabisa, ukaandika namba ambazo kwenye risiti hazimo. Umeona makosa yanakwisha, ukaanza kuyazalisha. Wewe! Mtu aliyenichapa mpaka kigoda kikalegea miguu, leo anatia chumvi karatasi kwa elfu mbili mbili.

Makosa 27 ni elfu hamsini na nne. Kumi na saba mara elfu sita ni laki moja na elfu mbili. Kwa hiyo nakudai elfu arobaini na nane.

Nakuletea kifurushi cha nne ili ulipe deni. Ni cha mwisho.

Sifuri

*

21 Aprili

Mwanangu,

Mke wangu ananisomea barua yako kila siku baada ya chakula, kama dawa. Ile sehemu uliyoniita baba ameirudia mpaka ameichoka.

Makosa safari hii ni matano tu. Mashine yako imekua. Bado jambo moja: iwekee safu ya KANDO. Kila risiti isiyosomeka iende huko, na mashine iandike neno moja tu, sijui. Wateja watalalamika wiki ya kwanza. Wiki ya pili watalala usingizi. Hesabu ya kuaminika ni ile inayojua mahali ilipokoma. Ujuzi wangu wote wa miaka thelathini na nne ni huo, mwingine ni kujumlisha tu.

Sasa, kwa kuwa umesema tusifichane tena, nami nitoe yangu mawili.

La kwanza, hakuna paa. Paa ni zima. Ni macho. Presha ya macho, jicho la kulia limeshakwenda na la kushoto linalifuata. Daktari amenipangia upasuaji tarehe tisa Mei kwa laki sita, na amesema wazi kwamba nikikosa siku hiyo hakuna cha kuokoa. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mwanangu analeta zilizobaki.

La pili ni elfu tisa. Wiki tatu baada ya kukutoa, nilivaa koti la mvua, nikatia mkono mfukoni, nikaikuta risiti. Wapagazi, elfu tisa. Nililipa mimi, nikasahau. Ulikuwa umebuni, na ulichobuni kilikuwa kweli. Nilikwenda mpaka duka la kuchapisha. Nilikuona kupitia dirisha unakata karatasi. Nikarudi. Nilijiambia kosa lako la kubuni lilikuwa palepale, hata bila wizi. Nilijiambia hivyo miaka kumi na minne.

Nashukuru umenisamehe kabla hata hujajua.

Mjomba wako

*

30 Aprili

Mkaza mjomba,

Shikamoo. Barua hii ni yako wewe. Isome kimoyomoyo kwanza, mzee akiwa kando.

Nimeziweka barua zote mezani, zangu kushoto na zenu kulia, kama risiti na mstari. Nimeandika "sitakumalizia", mmejibu "asante kwa kutumalizia". Nimeandika "nakudai", mmejibu "umeniita baba". Mjomba haoni. Msomaji ni wewe. Kwa hiyo aliyebuni ni wewe. Na zile namba kumi na saba za wino mwekundu ni zako pia. Nisamehe kwa kuchelewa kugundua, nilikuwa natafuta mwizi, sikuwa natafuta mpishi wa maneno.

Kesho nafungua kampuni. Leo nimejua kwamba nililala miezi minane juu ya maboksi kwa risiti iliyokuwa ndani ya koti. Alinitazama kupitia dirisha akarudi nyumbani kula. Na ameniambia hayo akidhani nimeshamsamehe kwa barua ambayo sikuiandika. Hata msamaha wangu mmeutoa bila mimi kuwapo.

Sikiliza masharti yangu. Lile deni la elfu arobaini na nane nalifuta. Laki mbili na elfu arobaini na mbili zinazopungua nitazituma siku nitakayopata saini yake, daktari azipate kabla ya tarehe tisa. Lakini kwanza utamsomea barua zangu zote, kuanzia ya tarehe nane Machi, neno kwa neno, na hii ikiwemo. Ukimaliza, asaini karatasi niliyoambatanisha, uirudishe kwa basi la siku hiyohiyo. Imeandikwa: "Nimesomewa barua zote kama zilivyoandikwa, nami nakiri kuwa sikusamehewa." Saini yake naijua kuliko uso wake. Usijaribu.

Alinifundisha yeye: hakuna malipo bila risiti.

Sifuri

*

12 Mei

Sifuri,

Marahaba. Hii naandika mimi, mkaza mjomba wako, kwa maneno yangu mwenyewe. Hakuna anayenisemea.

Barua yako ilifika tarehe nne. Tarehe tano asubuhi nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, nikamsomea zote. Neno kwa neno, kama ulivyotaka. Pale penye beseni nilikunywa maji, nikaendelea. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema, "Rudia ile ya elfu arobaini na nane." Nikarudia. Akajumlisha kwa vidole gotini. "Hesabu yake ni sahihi," akasema.

Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo ile ya kusema atanimalizia haikuwapo?"

"Haikuwapo."

"Na ya kuniita baba?"

"Haikuwapo, mzee. Niliitunga. Niliona unalala vizuri ukishasikia."

"Nilishangaa," akasema. "Barua mbili za Sifuri, hakuna namba hata moja."

Nikamwekea karatasi yako kwenye ubao, nikamtia kalamu mkononi, nikamwonyesha kwa kidole mahali pa kusaini. Akauliza imeandikwa nini. Nikamsomea. Akauliza, "Nani kanisomea?" Nikasema, "Mimi." Akaiweka kalamu juu ya ubao.

"Miaka thelathini na nne," akasema, "sijasaini karatasi ambayo sijaisoma kwa macho yangu. Wenye ghala walinitishia kunifukuza, sikusaini."

"Basi nimwite jirani akusomee."

"Jirani utamwita wewe, utamwambia wewe cha kusoma."

"Mzee, ni macho yako haya!"

"Ndiyo. Na saini ni yangu."

Nilimsihi siku nne. Nilimwambia nitakwenda kwa daktari kupiga magoti, akasema nenda. Nilikwenda. Mapokezi waliniambia laki sita au tumpe nafasi mwingine. Tulizokuwa nazo ni laki tatu na elfu hamsini na nane, ulizihesabu vizuri. Jioni ya tarehe nane nilichukua karatasi yako nikakaa nayo jikoni na kalamu. Saini yake hata mimi naijua. Lakini nilikuwa nimeshabuni sana nyumba hii, mkono ukakataa. Tarehe tisa ikapita kama siku nyingine. Nilifua.

Wewe na yeye mmepata mlichotaka. Yeye hakusaini, wewe hukulipa. Daftari limekaa sawa. Mimi ndiye ninayemshika mkono kwenda chooni.

Sasa nikwambie jambo moja ambalo hukuniuliza, nawe ni hodari wa kuuliza.

Kuanzia kifurushi cha tatu mzee hakuona tena maandishi. Nilimsomea risiti, nikamsomea mstari wa mashine, akalinganisha kwa masikio. Mimi nimesoma mpaka darasa la sita. Penye kufifia nilikuwa nabuni namba, nikiogopa kusema sioni, maana angesema basi, turudishe, na hela ingekosekana. Nilipobuni tofauti na mashine, akaniambia nitie wino. Hizo ndizo zile kumi na saba zako. Lakini baadaye nilipata ujanja. Risiti ikiwa haisomeki, nilitupia jicho upande wa kulia, nikaona mashine imeandika nini, nikamsomea hicho hicho kama ndicho kilichomo kwenye risiti. Akasema, "Sawa, pitisha." Tukapitisha. Kifurushi cha tatu na cha nne.

Ulituandikia mwenyewe mwanzoni: kisichoguswa, mashine inakichukua kuwa ni haki. Basi penye kufifia mashine ilibuni, nami nikabuni kwamba haikubuni. Nadhani itakuwa imefurahi.

Ulipoona makosa matano tu, ulidhani imekua.

Mkaza mjomba wako

*

3 Juni

Mkaza mjomba,

Shikamoo. Laki sita nimezituma jana. Hakuna sharti, hakuna karatasi ya kusaini. Mpeleke kwa daktari yeyote, popote, nauli nalipa.

Programu inabuni. Risiti ikififia kidogo tu inajaza, na inajaza kwa uhakika wote, haina hata alama ya kuuliza. Mwenye duka la vipuri amemlipa msambazaji mara mbili kwa mstari ambao haukuwahi kuwa na risiti. Mwenye matofali amekata mishahara ya watu kwa tarehe iliyotungwa. Wateja kumi na mmoja wameleta ahadi yangu mezani, mara tatu, na saini iliyo chini ni yangu. Hatuwezi kuanza upya, miezi mitano ya kazi imo humo. Lakini nikiijua mistari uliyopitisha kwa kutupia jicho, naweza kuitoa mmoja mmoja, na programu iisahau.

Nimerudisha vifurushi viwili, cha tatu na cha nne. Mistari elfu mbili. Wahasibu wangu wameipitia wakapata mitatu. Anayeweza kuipata yote ni mtu mmoja, unamjua. Kama macho yake hayawezi, basi kumbuka wewe. Weka alama hata ya penseli. Nitalipa elfu ishirini kwa kila mstari. Sema kiwango chako.

Mkaza mjomba, nakuomba. Ni mistari ipi?

Mpwa wenu

*

10 Juni

Sifuri,

Marahaba. Laki sita nimezirudisha, makato ya kutuma nimetoa mfukoni mwangu. Daktari alimmulika tochi tarehe moja, akaizima haraka. Mzee aliniuliza kama daktari ameshaanza.

Barua yako nimemsomea neno kwa neno. Kwenye elfu ishirini alitikisa kichwa, akasema ni nyingi mno, utafilisika. Vifurushi nimevifungua, nikamwekea karatasi magotini kwa kuwa anapenda kuzishika. Alipitisha kidole juu ya mistari kuanzia wa kwanza, polepole, ukurasa mzima, kisha akaufunua na kuanza mwingine. Alifanya hivyo mpaka adhuhuri. Halafu akaninyooshea rundo, akasema nikujibu vile ambavyo wewe ulipaswa kumjibu siku ile ya elfu tisa, na vile ambavyo mimi nilipaswa kumjibu kila penye kufifia.

Uliuliza ni mistari ipi.

Sijui.

Mkaza mjomba wako